Nilitupa rozari ya mama, sasa hapokei simu yangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Tabata na mume wangu na mtoto wetu wa miezi saba. Nimeokoka, huu mwaka wa tatu. Mama yangu ni Mkatoliki wa Kibosho, alikuja kunisaidia kulea. Biashara ya mume wangu Kariakoo ilipoyumba, mama mchungaji alikuja kutuombea, akasema kuna kitu humu ndani kinazuia baraka. Mama alipokwenda sokoni niliingia chumbani kwake, nikachukua rozari na picha ya Bikira Maria nikatupa. Gari la taka likapita navyo. Rozari ile alipewa na marehemu baba. Mama amehamia kwa dada Kimara, simu zangu hapokei. Na yeye alikuwa akiliita kanisa letu "kanisa la turubai". Nikimwomba msamaha, si nitakuwa nimekiri kwamba sanamu ni sawa?*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokufunga miguu. Hapana. Hakuna aliyekuuliza habari za sanamu. Uliingia chumba cha mzazi wako akiwa hayupo, ukachukua kitu chake, ukakitupa. Hata ingekuwa kanga iliyochakaa, kosa ni lile lile. Unaweza kumwomba mama msamaha leo jioni, na Jumapili ukaenda ibadani umeokoka vile vile.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama, kwa hesabu ya Wakatoliki ni ya nne. Kwenu ni ya tano. Namba hazilingani ila maneno ni yale yale, na ningependa mama mchungaji aisome kabla hajaja tena kukagua nyumba.

Kuhusu rozari yenyewe, sikushawishi uisali. Lakini jua ulichokitupa. Ile Salamu Maria anayoisali mama yako, nusu yake ya kwanza imetoka Injili ya Luka, sura ya kwanza: salamu ya malaika, kisha maneno ya Elizabeti. Nusu ya pili ni ombi, "utuombee". Wewe unaweza kuona kwamba aliyekufa haombwi kitu, na Wakristo wengi wanaona hivyo. Mimi niliyelelewa Kianglikana nikaolewa kwa Walutheri sijawahi kushika rozari. Ila kusema mama anaabudu shanga ni kumsingizia.

Tena Walutheri hao na Wakatoliki wamevutana tangu 1517. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, walitia saini tamko la pamoja kuhusu mwanadamu kuhesabiwa haki mbele za Mungu, jambo lile lile lililowafarakanisa. Hakuna aliyehama kanisa. Hapa kwetu, siku ukipanda pantoni kwenda Kigamboni, geuka utazame mjini: Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki na Azania Front ya Walutheri ziko ufukwe mmoja, zaidi ya miaka mia sasa, na kengele za huku hazijawahi kuiba baraka za kule.

Na hiyo biashara. Mwanangu, Kariakoo ikiyumba inayumba kwa Waislamu, kwa Walokole na kwa wasiosali kabisa. Mwambie mumeo akae na daftari la madeni, aangalie nani amekopa na kodi ya fremu imefika ngapi. Mkishamaliza hapo ombeni, hata mkeshe.

Mama naye kakosea. Kuliita kanisa la mtu "la turubai" ni dharau, na kumdharau mwenye nyumba unayolala si ustaarabu. Lakini hilo usiende nalo sasa. Ukilibeba siku ya kuomba radhi, litageuka kuwa kesi, na kwenye kesi na mama mzazi hujawahi kuona mtoto akishinda. Atalisema mwenyewe siku moja, mkipeta mchele.

Sasa nenda. Usitume ujumbe wa WhatsApp, wala ile sauti ya dakika nne. Nyie ni Wachaga, mnalo jani la isale, la kuombea radhi, na mama wa Kibosho akiletewa isale na mwanawe anajua limebeba nini. Kulikataa ni vigumu mno. Najua kuna atakayekuambia hiyo ni mila ya giza. Kama dhamiri yako inakataa, basi piga magoti bila jani, ila usimwachie mama mchungaji akuamulie na hilo.

Sema "nimekosa, mama", utaje ulichofanya, unyamaze. Usiongeze "lakini". Usiende na rozari mpya mkononi siku hiyo, maana ataona unalipia ile aliyopewa na marehemu mumewe kwa kitu cha dukani. Baadaye mpe dada hela, amsindikize akachague mwenyewe.

Akikubali kurudi Tabata, mkubaliane kabla hajafungua begi: chumba chake ni chake, sebule ni yenu, hakuna wa kumhubiria mwenzake mezani. Habari za ubatizo wa mtoto ni zako na baba yake, mama mweleze hivyo kwa upole, mapema.

Jumapili usiende, atakuwa misani. Nenda siku ya kazi jioni, na mtoto mbebe wewe mwenyewe mgongoni. Mama mchungaji abaki Tabata.