Pombe ya matunda ya nyumbani ikitoka kali mno

Ichanganye na juisi ya tunda lilelile wakati wa kunywa, kwenye glasi, si kwenye chupa. Lita 1 yenye kilevi asilimia 9 ukiitia lita 1 ya juisi inashuka hadi 4.5 hivi, na utamu unafunika ukali. Ukichanganya halafu ukafunga chupa, hamira iliyobaki itakula sukari mpya, gesi ijae, chupa ipasuke. Nimeshaona kizibo kikigonga dari. Kama kinachokukera ni ule mwako wa kooni tu, iache itulie miezi kadhaa mahali pa baridi, chombo kikiwa kimejaa hadi shingoni ili hewa isiigeuze siki. Italainika, ila kilevi chenyewe hakipungui.