Jibu: Jike wa miezi 14 kupandishwa na dume wa baba mmoja

Ndugu, umeuliza kama mbwa wako jike wa German Shepherd wa miezi 14 apandishwe na dume wa baba mmoja naye, kwa kuwa wote wana vyeti. Subiri kwanza.

Cheti cha ukoo kinakuambia mbwa katoka wapi, hakikuambii ana afya gani. Jamii hii inasumbuliwa sana na nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, na mbwa anaweza kukimbia vizuri tu leo huku eksirei ikionyesha tatizo. OFA, taasisi ya Marekani inayokagua mifupa ya mbwa kwa eksirei, haitoi daraja la kudumu la nyonga kabla ya miezi 24. Piga picha nyonga na viwiko, uulizie na ndugu zake wa tumbo moja.

Huyo dume, hapana. Watoto wa ndugu wa baba mmoja wanabeba uzazi wa ndani (kuzaliana kwa ndugu wa damu) wa 12.5%, hata kabla ya kuhesabu mababu wengine waliojirudia.

Halafu tabia. Jike anayebana mkia na kujificha kila mgeni akiingia asizalishwe, hata awe mzuri kiasi gani. Niliwahi kumbeba mtoto wa jike wa namna hiyo, wa wiki 7. Alitetemeka mikononi mwangu hadi akajikojolea. Iliniuma sana.

Ukimpata dume mwingine, wote wapimwe Brucella, bakteria wa kuambukizana wanaoharibu mimba, kabla ya kukutana. Na mtoto akirudishwa na mnunuzi baada ya miaka mitatu, utampokea? Nijibu hilo kwanza.