Mti wa Mjini Ukianza Kufa, Mwite Mchongaji Mapema

Hapa Chicago, aliyetuletea kazi ya kuchonga ni mbawakawa mdogo wa kijani kutoka Asia. Mwaka 2002 aligunduliwa Michigan, na 2006 akaonekana hapa Illinois. Mabuu wake hula chini ya gome la miti ya ash, mti wa kivuli uliopandwa sana mitaani huku Marekani, wakikata njia za maji na chakula hadi mti ukauke. Tangu 2014 idara ya bustani, Chicago Park District, na chama cha wachongaji, Chicago Sculpture International, wamewapa wasanii baadhi ya miti inayokufa waigeuze sanamu palepale iliposimama.

Wenzangu wa Dar na Nairobi huniuliza waanzie wapi. Anzeni na mizizi, mchoro baadaye.

Zunguka shina. Ukiona uyoga mgumu umeota karibu na ardhi, achana na mti huo. Chini kunaoza na siku moja utamwangukia mtu. Kama hakuna, chukua nyundo ya mbao, ugonge kuanzia chini kwenda juu, shubiri kwa shubiri. Mti mzima hujibu kwa mlio mfupi, mkavu. Palipo na pango sauti huzama. Weka alama ya chaki hapo, maana ndipo msumeno utakapokuponyoka.

Usingoje mti ukauke kabisa. Ash ikishakufa hukatika ovyo. Majani ya juu yakianza kupungua, peleka ombi la kibali, kwa sababu mti wa barabarani ni wa jiji hata kama kivuli chake kiko mlangoni pako. Matawi waachie wakata miti wenye kamba na bima.

Adui mkubwa ni maji. Kiganja kilichokunjuliwa, ukingo wa kofia, mapaja ya mtu aliyeketi: vyote hukusanya mvua, na uozo huanzia hapo. Kila uso unaotazama juu upe mteremko. Vanishi usiikimbilie, shina bichi likifunikwa, unyevu hubaki ndani. Paka mafuta yanayopenya, urudie kila yanapofifia. Nyufa zitakuja tu, kwa hiyo tafuta ufa ulioanza, kisha uso wa sanamu uuelekeze kwingine. Huko nyumbani kuna mchwa pia: kagua vijia vya udongo kwenye kisiki kila mvua zinapoisha.

Sanamu hizi huishi miaka, si vizazi, nami nazipenda hivyo hivyo. Ila kwenye makubaliano na halmashauri andika nani atalikagua shina kila mwaka, na nani atalipia kuliangusha.