Taa ya ABS ikizimika, usishangilie bado

Gari langu lilitoka kiwandani bila ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki kwa nguvu, nikaifunga mwenyewe baadaye. Ila yapo magari ya toleo lilelile yaliyotoka nayo, kwa wateja waliokubali kuongeza pesa. Hilo ndilo jambo la kuchunguza kabla hujashika spana. Kama modeli yako haikuwahi kuuzwa na ABS, ushauri wangu ni mfupi: achana nayo, pesa hiyo itie kwenye diski, pedi na tairi nzuri. Kama iliwahi, ingia chini ya gari utazame nakli za mbele, vile vyuma vinavyobeba habu za magurudumu. Zangu zilikuwa na tundu la sensa tayari, limezibwa kwa kizibo cha plastiki. Nilipokiona kizibo kile ndipo nilipoamini kazi inawezekana.

Tafuta gari moja la kuchinja, uchukue kila kitu humo: pampu na vali zake, kontroli boksi (kompyuta ya ABS), masta silinda, shafti zenye meno, habu za nyuma, sensa zote, na wayaringi nzima na soketi zake. Usiokoteze huku na huku. Kontroli boksi hujua kasi ya gurudumu kwa kuhesabu meno yanayopita mbele ya sensa. Ukiiwekea shafti ya toleo jingine yenye meno tofauti, itaamini gurudumu moja linakwenda mwendo wake peke yake. Tairi za saizi tofauti nazo huleta uongo huohuo.

Wayaringi usiikate. Mimi nilitumia siku nzima kuing'oa, kuanzia nyuma ya dashibodi, kupitia ukuta wa injini, hadi kila gurudumu, na kila soketi nikaifunga kikaratasi chenye jina. Rafiki aliyenisaidia alinicheka, akasema yeye angekata na kuunga jioni moja. Lakini waya za sensa hizi za zamani zimesokotwa mbilimbili kwa sababu. Sensa yenyewe haipewi umeme, inauzalisha: ni sumaku na koili tu, na gurudumu likienda polepole hutoa sehemu ndogo ya volti moja. Msokoto huo ndio unaoikinga ishara dhaifu hivyo. Unga kipande cha waya wa kawaida, kipitishe kando ya waya za plagi, utakuwa unaitafuta taa ya onyo mwenyewe.

Pampu ipe waya wake mnene kutoka kwenye betri na fyuzi yake. Yangu ni ya ampea 30. Ethi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Na usisahau waya wa swichi ya taa za breki, kontroli boksi inataka kujua mguu wako uko kwenye pedali.

Nilipowasha mara ya kwanza, taa ya ABS iliwaka, ikakaa sekunde chache, ikazima. Furaha! Nilipotoka getini nikakata kona, ikawaka tena. Nikinyoosha usukani na kuzima injini, nikawasha upya, inazima. Kwenye multimita sensa ya mbele kushoto ilisoma omu 1,100, nzima kabisa. Nikamwomba mtu azungushe usukani hadi mwisho huku nimeshika vichokonoo vya mita kwenye soketi: namba zikapotea. Nilikuwa nimeruka kibanio kimoja cha waya kwenye shokapu, kwa hiyo kila kona ilikuwa ikiuvuta, na uzi wa ndani ulikuwa umekatika huku ganda likiwa zima. Vile vibanio vya mpira unavyoviona havina maana, virudishe vyote.

Baada ya hapo taa ilizima moja kwa moja. Hapo ndipo wengi hufunga boneti, na mimi nilikaribia. Taa ile inakagua umeme, haioni mafuta ya breki yanaelekea wapi. Kama paipu mbili zimepishana, mfumo utasikia gurudumu la kulia limekwama na kulegeza breki ya kushoto, na taa itabaki imezima kimya.

Kwa hiyo nikainua gari lote juu ya stendi, nikaunganisha mashine ya uchunguzi. Msaidizi akakanyaga breki, mimi nikaagiza vali ya mbele kulia ilegeze breki, nikalijaribu gurudumu la kulia kwa mikono. Gumu kama jiwe. Nikazunguka upande wa pili: la kushoto likazunguka laini. Kwenye chombo cha pampu na vali, matundu ya paipu yamechongwa VL, VR, HL na HR, herufi za Kijerumani: V ni mbele, H ni nyuma, L kushoto, R kulia. Nilikuwa nimekitazama kwa mbele, kichwa chini, nikageuza pande bila kujua. Nikabadilisha paipu, nikatoa upepo upya gurudumu kwa gurudumu na mafuta mapya ya breki ya DOT 4, nikarudia jaribio mara nne.

Jaribio la mwisho fanya kwenye uwanja mtupu wenye maji, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ukanyage kwa nguvu na ukate usukani. Pedali itatetemeka chini ya mguu kwa mlio wa kukwaruza. Usiachie. Na kwenye changarawe usitarajie kusimama mapema kuliko zamani, mara nyingine utakwenda mbali zaidi. Unachopata ni usukani unaokutii.