Kwa mnaoanza kazi ya habari: hofu hailishwi na uongo peke yake

Ninyi mnaoingia sasa kwenye chumba cha habari mtafundishwa kuhakiki ukweli, na ni sawa. Ila jueni mapema kwamba hofu ya umma mara nyingi haihitaji uongo. Ukweli uliokatwa katikati unatosha, na wanaoitumia hofu hiyo kwa faida yao wanalijua hilo kuliko sisi.

Chukueni kisa cha Uingereza, Oktoba 1995. Kamati ya usalama wa dawa ilitahadharisha kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, zikilinganishwa na aina za awali. Ilikuwa kweli. Kilichokosekana kwenye vichwa vya habari ni kiwango cha kuanzia: hatari ilipanda kutoka takriban mwanamke 1 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa woga. Mwaka uliofuata, utoaji mimba katika England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Linaloniuma zaidi ni kwamba ujauzito wenyewe huleta hatari ya damu kuganda kubwa kuliko ile ya vidonge walivyovikimbia. Hakuna aliyedanganya, na bado watu waliumia.

Kwa hiyo mkisikia "imeongezeka maradufu", msiandike hata mstari mmoja kabla ya kuuliza: kutoka ngapi hadi ngapi, kati ya watu wangapi, kwa muda gani? Msemaji akikwepa, andikeni kwamba aliulizwa na hakujibu.

Mjue pia kwa nini baadhi ya hofu hushika haraka. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1973 kwamba mtu hukadiria wingi wa jambo kwa wepesi wa kulikumbuka. Tukirudia picha ya ajali moja siku nzima, kwa mtazamaji huwa kama ajali nyingi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliogopa ndege wakasafiri kwa magari. Mtafiti Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba takriban watu 1,500 zaidi walikufa barabarani katika miezi 12 iliyofuata. Vifo hivyo vilitokea kimoja kimoja, ndiyo maana havikumtisha mtu.

Wanasiasa nao wana njia yao. Februari 1950 seneta Joseph McCarthy alidai ana orodha ya wakomunisti walioajiriwa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Idadi aliyoitaja ilibadilika ndani ya siku chache, na magazeti yakaendelea kuchapisha, kwa hoja kwamba ni kweli seneta amesema. Hoja hiyo mtaisikia kazini, tena kutoka kwa wakubwa wenu. Msiikubali. Mtu akisema ana orodha, ombeni kuiona, na asipoitoa, hilo ndilo liwe sentensi ya kwanza ya habari yenu.

Msiende upande wa pili mkaanza kubeza kila tahadhari. Wapo wanaonufaika na utulivu wa watu pia: kampuni za sigara zilitumia miongo kuwatuliza wavutaji huku ushahidi wa saratani ukizidi kulundikana. Swali la nani anafaidika liulizwe kwa anayetisha na kwa anayetuliza.

Na hatari ikiwa ya kweli, msomaji anastahili kujua la kufanya. Kipindupindu kikizuka, idadi ya wagonjwa itajwe, lakini maelezo ya kutibu maji, kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji safi ili kumrudishia mgonjwa maji mwilini, na dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali yakae juu kabisa. Mhariri akitaka kuyakata ili nafasi ipatikane, mbishieni.