Barua kwa mwanangu: ile fleti ya ghorofa ya 14

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha zote. Umeniuliza uichukue hiyo fleti ya ghorofa ya 14 kwenye mtaa wa kishua, mkataba wa miaka miwili, mwezi wa kwanza bure, au ubaki hapo ulipo. Ukaongeza kwamba pango lake ni asilimia 30 ya mshahara wako na umesikia hiyo ndiyo kanuni, kwa hiyo hesabu imekaa sawa.

Ichukue, ila si kwa mkataba huo, na si kabla hujalijua jengo lenyewe. Usiogope, sikuhubirii habari za kubana matumizi. Unafanya kazi, hujaanza kulipa ada za watoto, na kupenda pazuri si dhambi. Lakini unajua mama yako kazi yake ilikuwa kusimamia majengo ya kupangisha. Nimewaona waliokaa kwenye fleti za gharama kwa raha mustarehe, na nimewaona waliohama wakilaani. Tofauti yao haikuwa marumaru.

Marumaru, taa za darini, kabati za jikoni zisizo na vishikio: hivyo mwenye jengo hununua mara moja, vikapigwa picha, basi. Kinachoifanya nyumba iwe ya kifahari mwaka wa tatu ni mtu anayepokea simu usiku lifti ikikwama, na hela iliyotengwa ya kumlipa fundi kabla kitu hakijaharibika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wewe unalipia utunzaji, kwa hiyo macho yako yaende huko.

Anza na lifti. Zamani kwenye majumba ya mijini huko Ulaya wenye fedha walikaa ghorofa za chini, watumishi ndio waliopanda ngazi hadi vyumba vya chini ya paa. Mwaka 1857 kampuni ya Otis ilifunga lifti ya abiria kwenye duka moja New York, na baada ya hapo mambo yakaanza kupinduka: juu kukawa ndiko kwa wakubwa. Maana yake bei ya ghorofa yako ya 14 imening'inia kwenye waya wa lifti. Ikizima, umepanga ngazi. Uliza lifti ni ngapi na zinahudumia fleti ngapi. Umeme ukikatika, jenereta linaendesha zote au moja? Na je, linafika ndani kwako, au linawasha taa za korido tu? Swali hilo la mwisho watu husahau kuliuliza, kisha wanakaa gizani wakisikiliza jenereta linanguruma. Majengo mengi huweka ndani ya lifti au kwa msimamizi karatasi ya ukaguzi yenye tarehe. Isome. Kama tarehe imepitwa, umeshajua jengo linatunzwaje.

Halafu rudi bila dalali, siku ya kazi, jioni watu wanapotoka kazini. Saa nne asubuhi aliyokupeleka yeye, kila jengo ni tulivu. Tazama foleni ya lifti na namna magari yanavyobanana kwenye maegesho. Pitia chumba cha taka. Ukumbi wa mapokezi hupambwa kwa ajili ya wageni, chumba cha taka hakuna anayekipamba. Msalimie mlinzi, ongea naye kidogo, muulize wapangaji hukaa muda gani. Ukiona watu wanaingia na masanduku kila siku, ujue fleti nyingi hapo zinapangishwa kwa usiku mmoja mmoja, na majirani zako watakuwa wageni wa sherehe wasiojali usingizi wa mtu. Kama kuna baa ya juu ya paa, rudi tena Ijumaa.

Ukiwa ndani, fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Maji ya kuogea yakigeuka uzi, hiyo ndiyo presha utakayoogea kila asubuhi jengo zima likiamka. Fungua kabati la chini ya sinki, pitisha vidole kwenye ubao wa chini, pale pembeni unapokutana na ukuta. Ubao uliovimba na kukwaruza kama uji uliokaukia unakuambia kuna mvujo uliopakwa rangi juu bila kutibiwa. Funga madirisha yote ya chumba cha kulala, zima kiyoyozi, usiseme neno kwa dakika chache. Utasikia barabara, pampu, au jirani wa juu na viatu vyake.

Lile dirisha kubwa uliloliona ndilo lenye uzuri wote, liangalie linaelekea wapi. Kama ni magharibi, jua la alasiri huja likiwa chini, likapenya moja kwa moja. Kile kibaraza cha juu kinachozuia jua la mchana hakilizuii hilo. Kioo kinaingiza joto na kulifungia ndani, nawe utapoza chumba hadi usiku kwa bili yako mwenyewe. Muombe mwenye nyumba akuoneshe bili za umeme za mpangaji aliyetoka. Na kile kiwanja kitupu mbele yako usikipende sana. Mandhari hayamo kwenye mkataba. Kesho kutwa wakianza kuchimba msingi, pango lako halitapungua hata senti.

Sasa hiyo asilimia 30. Imetoka kwenye nyumba za umma za Marekani. Mwaka 1969 sheria ya huko iliweka kwamba mpangaji wa nyumba hizo asitozwe zaidi ya robo ya kipato chake, na mwaka 1981 ikapandishwa hadi asilimia 30. Ilikuwa kinga ya watu wa kipato kidogo. Haikukusudiwa kumwambia kijana mwenye mshahara mzuri atumie kiasi gani kwa fahari, na wanaouza fleti wameipenda kwa sababu zao. Wewe hesabu kwa mshahara unaoingia mkononi baada ya makato, na upande wa pili usiweke pango peke yake. Weka ada ya huduma za jengo, maegesho, umeme, intaneti, na bima ya vitu vyako, kwa maana bima ya mwenye jengo hulinda jengo lake. Kompyuta yako ikilowa kwa bomba la jirani, hiyo ni shida yako. Weka pia mtaa wenyewe. Kwenye mtaa wa namna hiyo hata kinyozi ana bei yake, na marafiki watataka kukutana hapo hapo kwako kila wikiendi. Kama jumla hiyo bado inakuachia akiba unayoweka sasa, endelea. Kama akiba inakufa, hapo sikubaliani nawe, na ningekwambia hivyo hata kama fleti ingekuwa ya peponi.

Jambo jingine dogo: pango likiwa kwa fedha ya kigeni na mshahara wako ni wa fedha ya ndani, sarafu ikiyumba umepandishiwa pango bila barua. Omba liandikwe kwa fedha unayolipwa.

Nirudi kwenye mwezi wa bure, maana naona umekufurahisha. Chukua pango kuwa 100 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza utalipa miezi 11, yaani 1,100, wastani wa karibu 92 kwa mwezi. Mwaka wa pili wanaongeza asilimia 5, lakini wanaongeza juu ya 100, si juu ya 92. Unaanza kulipa 105. Mfuko wako umeongezewa zaidi ya asilimia 14 huku karatasi ikisema 5. Mwenye jengo hupenda zawadi hii kwa sababu pango la kwenye karatasi linabaki juu, na jengo huthaminiwa kwa pango hilo. Kwa hiyo waambie: asanteni, ila mnipunguzie pango la kila mwezi. Wakikataa katakata, utajua zawadi ilikuwa ya nani.

Na miaka miwili usikubali ikiwa imefungwa pande zote. Kazi yako yenyewe inaweza kukuhamisha. Taka kipengele kinachokuruhusu kuondoka baada ya mwaka wa kwanza kwa notisi ya miezi miwili, bila faini. Kiandikwe; ahadi ya mdomoni ya wakala huondoka na wakala. Soma pia ada ya huduma inapandaje na nani anaamua, na nani analipia kiyoyozi kikifa. Bwawa la kuogelea na jimu uliyotumiwa picha zake, kama havimo kwenye mkataba, siku vikifungwa kwa ukarabati wa mwaka mzima huna la kudai.

Amana nayo usiitoe kwa imani. Nchi nyingine zimeibana: Ujerumani haizidi pango la miezi 3, na lazima itengwe na mali ya mwenye nyumba, England, kwa nyumba nyingi, haizidi wiki 5. Tafuta sheria ya mji wako inasemaje. Siku ya kukabidhiwa funguo piga video ya kila chumba, polepole, mikwaruzo yote ya sakafu na madoa yote ya ukuta, umtumie msimamizi siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Anayetaka kula amana yako huanzia kwenye mikwaruzo. Hela yoyote usimpe mtu kabla hujahakikisha kwamba jina lililo kwenye mkataba ndilo la mmiliki wa fleti, au la mtu mwenye idhini yake ya maandishi.

Nitumie mkataba mzima pamoja na viambatanisho kabla hujaweka saini, tuusome pamoja kwenye simu Jumapili. Na huyo wakala anayekwambia kuna mtu mwingine anaisubiri fleti, mwambie ampe.

Mama