Swali la lugha: Aliigiza kama Habibie, au alimwigiza Habibie?

SWALI: Naandika makala kuhusu Reza Rahadian, mwigizaji wa Indonesia anayeziweza filamu za kila aina. Nimeandika: "Mwaka 2012 aliigiza kama Habibie, na mwaka 2016 aliigiza kama bosi mkorofi." Mhariri amefuta "kama" zote mbili. Kosa liko wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri wako ameona mbali, ndugu yangu. "Kama" hufananisha. Ukisema binti fulani anaimba kama Siti binti Saad, unasifu sauti yake; hakuna atakayedhani binti huyo yumo kwenye filamu ya maisha ya Siti. Sasa soma tena sentensi yako: B. J. Habibie, mhandisi wa ndege aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Indonesia, amegeuka mwigizaji, na Reza anafuata mtindo wake!

Kitenzi "igiza" kimezaliwa na "iga", nacho humchukua mtu moja kwa moja: alimwigiza Habibie. Hapa kinakaa vizuri mno, kwa sababu Habibie alikuwa bado hai filamu ya Habibie & Ainun ilipotoka, na Waindonesia walimjua vyema: macho yanayomtoka, mikono isiyotulia akizungumza. Reza alikuwa na mtu wa kumwiga kweli.

Yule bosi wa filamu ya My Stupid Boss, ile ya 2016, ni jambo jingine. Ni mhusika wa vichekesho, bahili na mbishi, na Reza alivalishwa tumbo la bandia ili amcheze. Mtazamaji hana sura ya kumlinganisha nayo. Kwake ningeandika "alicheza nafasi ya bosi", au, kama unataka kumsifu, "alivaa uhusika wa bosi". Usemi huu wa mashabiki wetu wa filamu naupenda sana, maana husemwa pale tu mwigizaji anapopotelea ndani ya mhusika.

"Alifanya kazi kama mwalimu" nayo imeenea mno siku hizi. Mimi bado nachagua "akiwa mwalimu" au "alikuwa mwalimu".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mwaka 2012 alimwigiza Habibie, mwaka 2016 akavaa uhusika wa bosi mkorofi, na kila filamu ikampatia Tuzo ya Citra, tuzo kuu ya filamu za Indonesia, ya mwigizaji bora wa kiume."